Kuilinda Boti Gatini Msimu wa Baridi: Isigande, Isiote Ukungu, na Bili Isikuumize

Boti nyingi za Uingereza hazitolewi majini msimu wa baridi. Kreni ina gharama, kuegesha nchi kavu kuna gharama, na zile boti nyembamba za mferejini, zenye urefu wa futi 50 au 60, karibu hazipandishwi kabisa isipokuwa zinapopakwa lami chini. Kwa hiyo tangu mwisho wa Oktoba hadi mwisho wa Machi chombo kinabaki kimefungwa gatini, mara nyingi bila mtu ndani kwa wiki kadhaa. Aliyekulia Tanga au Lamu amezoea kuona chombo kikipandishwa ufukoni, jua na upepo vikamaliza kazi ya kukikausha. Huku mchana wa mwishoni mwa Desemba una urefu wa saa nane hivi tu, na jua lake halina nguvu ya kukausha taulo.

Maadui ni wawili, na kila mmoja ana dawa yake. Jalidi, yaani baridi inayogandisha maji, hupasua mabomba, pampu na injini. Unyevu huotesha ukungu kwenye magodoro na kutia kutu viungo vya nyaya. Kosa linalowagharimu watu ni kutaka kuwatibu wote wawili kwa hita kubwa. Umeme wa gati ukikatika usiku mmoja tu, mabomba yaliyojaa maji yanaweza kupasuka hata kama umelipia hita hiyo miezi miwili mfululizo. Mpangilio wa nafuu ni huu: toa maji kwanza, maana bomba lisilo na maji halina cha kuganda, kisha kausha hewa, joto lije mwisho, tena kidogo, kwa ajili ya vile tu visivyoweza kumwagwa maji.

Baridi inashika wapi kwanza

Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9. Ndani ya ndoo hilo halina madhara, barafu inapanda juu tu. Ndani ya mwili wa shaba wa koki, au kwenye kikombe cha plastiki cha chujio la pampu, hayana pa kwenda, basi yanapasua.

Boti iliyo baharini ina bahati. Bahari ya kusini mwa England hushuka hadi nyuzi 6 hadi 9 hivi mwezi Februari, na maji hayo huipa joto sehemu yote iliyozama. Ngama ya boti ya namna hiyo, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti yanakokusanyika maji, haigandi kirahisi. Kinachoganda ni kilicho juu ya mstari wa maji: bomba lililopita chini ya sitaha, mchanganyo wa bafu, hita ya maji iliyotundikwa ukutani. Mferejini hali ni ngumu zaidi, kwa sababu maji ya mfereji, yasiyo na chumvi, hukaribia sifuri na uso wake huganda. Desemba 2010, Desemba yenye baridi kali kuliko zote katikati ya England tangu 1890, boti zilinaswa kwenye barafu ya mifereji kwa wiki kadhaa. Ikitokea hivyo, usijaribu kulipasua barafu kwa boti yako ya chuma. Vipande vinakwangua lami kwenye mstari wa maji, na vikisukumwa ubavuni mwa boti ya jirani ya faibaglasi vinaweza kuitoboa.

Boti iliyopandishwa nchi kavu ndiyo inayoganda haraka kuliko zote, kwani upepo unapita hata chini yake. Wengi hudhani ni kinyume. Kama yako iko juu ya magogo, fuata maelekezo haya yote bila kuruka hata moja.

Kutoa maji

Kazi hii inachukua nusu siku, haihitaji umeme, na inakuokoa kuliko kifaa chochote cha kununua. Ifanye kabla ya jalidi la kwanza. Sehemu za mbali na bahari jalidi huweza kushuka mwezi Oktoba.

Anza kwa kuzima umeme wa tangi la maji moto. Koili yake ikiwaka bila maji inaungua ndani ya dakika chache. Kisha fungua koki zote, ya moto na ya baridi, uiache pampu itoe maji hadi ianze kukohoa hewa, uizime kwenye swichi yake na uondoe fyuzi ili asije mtu akaiwasha. Tangi la maji moto lina lita 20 hadi 55 na halimwagiki kwa koki za sinki. Lina koki yake chini. Funga mpira hapo, uelekeze mpira kwenye ndoo, kisha zungusha valvu ya presha iliyo juu ya tangi ili hewa iingie. Bila hewa kuingia juu, maji hutoka kidogo yakasimama, na hapo ndipo wengi huamini tangi limekwisha kumbe bado lina nusu.

Pampu yenyewe ina vyumba vidogo ndani vinavyobakiza maji. Chomoa bomba la kutokea, rudisha fyuzi, iwashe kwa sekunde tano iteme yaliyobaki, uizime tena. Fungua kikombe cha chujio kilicho mbele yake, kikaushe, ukiache kimefunguka. Kikombe hicho ndicho cha kwanza kupasuka kwenye boti nyingi, nacho ni plastiki ya bei ndogo tu, ila kikipasuka pampu inavuta hewa na utahangaika kutwa nzima majira ya kuchipua ukitafuta tatizo liko wapi.

Bomba lililolegea na kuning'inia kati ya vishikizo viwili hubaki na maji kwenye lile bonde lake. Chukua pampu ya mguu ya kujazia mashua ya mpira, ifunge kwa kipande cha mpira kwenye mdomo wa koki ya mbali kabisa, funga koki nyingine, upulize. Utasikia maji yakisukumwa hadi hewa tupu itoke. Hamia koki inayofuata. Ukimaliza acha koki zote wazi msimu mzima. Zile zenye mkono mmoja wa moto na baridi ziache katikati, la sivyo upande mmoja unabaki umefungwa na maji yake ndani. Bafu lenye thamostati (kidhibiti joto) ni ghali na hupasuka ndani bila kuonekana kwa nje; ondoa mpira wake, utikise kichwa cha bafu, uviweke chini kwenye sinia la kuogea.

Boti nyingi za mferejini zina hita ya gesi ya kuchemsha maji papo hapo. Mabomba yake membamba ya shaba hayastahimili hata usiku mmoja wa nyuzi 3 chini ya sifuri. Chini ya kasha lake kuna kizibo cha kumwagia maji. Kifungue, maji yatoke, kisha kizibo kifunge kwa uzi kwenye mkono wa hita ukione utakaporudi.

Tangi kuu la maji, hasa lile la chuma lililojengwa omoni (mbele ya boti), si lazima likauke. Likiwa nusu lina nafasi ya kutosha ya barafu kutanukia. La muhimu ni kufunga koki inayotoka kwenye tangi na kumwaga kila kilicho mbele yake.

Choo cha kaseti, chenye tangi dogo la kuchomoa, kimwage na kukisuuza. Choo cha baharini kina kazi zaidi: funga koki ya kuingizia maji, chomoa mpira wake, uchovye kwenye chombo chenye lita mbili za antifrizi (dawa ya kuzuia maji yasigande), upige pampu hadi rangi ionekane kwenye bakuli na itoke pia kuelekea nje. Tangi la kuhifadhi kinyesi linyonywe mapema, kwani mitambo ya kunyonya ya bandarini nayo huganda.

Kwa choo, sinia la bafu na chochote kinachogusa maji ya kunywa, tumia antifrizi ya propilini glaikoli. Ile ya kawaida ya magari ni ethilini glaikoli, ni sumu kwa mtu, kwa mbwa na kwa samaki, haifai kabisa hapa. Ukinunua iliyokwisha kuchanganywa, usiiongeze maji hata kidogo.

Injini

Kwanza jua injini yako inapozwaje. Injini ya mferejini kwa kawaida ina mzunguko uliofungwa: kulanti (maji ya kupozea injini yenye antifrizi) hupita kwenye kisanduku kilichochomelewa ubavuni mwa boti na kupozwa na maji ya nje. Hapo kazi ni kupima tu. Kipimo cha antifrizi ni pauni chache. Vuta kulanti kidogo, usome. Nusu kwa nusu hukinga hadi karibu nyuzi 35 chini ya sifuri. Theluthi moja ya antifrizi hukinga hadi karibu 18 chini. Usisahau kwamba hicho kisanduku cha ubavuni hubeba lita nyingi. Aliyeongeza lita tano bila kukihesabu amepata mchanganyiko mwepesi asioutarajia.

Injini inayovuta maji ya nje, ama moja kwa moja ama kupitia kipozeo cha kati, inahitaji antifrizi ipitishwe upande huo wa maji ya nje. Iwashe hadi ipate moto wake wa kawaida, kwani kwenye zile zinazopozwa na maji ya nje moja kwa moja, thamostati isipofunguka antifrizi haifiki kwenye bloku (mwili wa injini). Izime. Funga koki ya chini inayoingiza maji, chomoa mpira kwenye chujio, utumbukize kwenye ndoo yenye lita 10 hadi 12 za mchanganyiko; kiasi hicho kinatosha injini ndogo ya nguvu za farasi 20 hadi 30. Mtu mmoja awe kwenye ufunguo, mwingine kwenye ndoo. Washa kwa mwendo wa chini kabisa. Ndoo inaisha haraka kuliko unavyofikiri, pengine kabla ya dakika moja. Rangi ikitoka nyuma kwenye ekzosi, zima kabla ndoo haijakauka. Antifrizi hiyo ibaki humo, usiifungulie tena.

Sasa toa impela ya pampu ya maji, lile gurudumu dogo la mpira lenye mabawa. Ikikaa miezi mitano imekunjwa mahali pamoja, mabawa yake hupinda na hayarudi. Itie kwenye mfuko wa plastiki, ufunge mfuko huo kwenye ufunguo wa injini pamoja na karatasi: «Impela imetolewa, koki imefungwa». Atakayeshika ufunguo, awe wewe au mwanao, hawezi kuwasha bila kukutana na onyo.

Badilisha oili kabla ya kulaza injini, usingoje Machi, maana oili iliyotumika ina asidi na masizi ambayo hukaa yakila bearingi wakati wote huo. Jaza tangi la dizeli karibu lijae, ukiacha nafasi ndogo ya kutanuka, ili ukuta mtupu wa tangi usipate nafasi ya kutoa jasho. Fungua kizibo cha chini cha kitenganishi cha maji, umwage hadi dizeli safi itoke.

Koki za chini

Funga koki zote zinazoziba tundu za ubavuni zilizo chini ya mstari wa maji, isipokuwa zile za kutoa maji ya mvua pale mahali pa wazi anapokaa nahodha. Hizo zikifungwa, au zikizibwa na majani makavu, mvua inajaa, boti inashuka, na tundu fulani ambalo siku zote lilikuwa juu ya maji, la ekzosi au la pampu, linazama na kuanza kuingiza. Theluji nzito inafanya vivyo hivyo. Kuna boti huzama gatini msimu wa baridi kwa njia hii, zikiwa zimefungwa vizuri na kamba zake zote. Pitisha waya kwenye mifereji hiyo uhakikishe inapita.

Koki ya aina ya tufe la chuma ina ujanja wake: ukiifunga, maji kidogo hubaki yamenaswa ndani ya lile tufe. Kwenye mfereji, au kwenye boti iliyo nchi kavu, yanaweza kuupasua mwili wa koki. Kwa boti iliyo nchi kavu dawa ni rahisi: iache wazi nusu. Kwa iliyo majini, funga koki, chomoa mpira wake wa juu na mimina antifrizi kidogo, kisha zungusha mkono taratibu na kuufunga mara moja ili antifrizi iingie ndani. Kuwa na kizibo cha mbao mkononi.

Unyevu: chagua njia moja

Hewa ya nyuzi 20 inaweza kubeba gramu 17 hivi za maji kwa kila mita ya ujazo. Hewa ya nyuzi 5 inabeba karibu 7 tu. Kwa hiyo hewa uliyoipasha moto Jumapili ukiwa ndani unapika, ikipoa usiku baada ya wewe kuondoka, huweza kumwaga hata zaidi ya nusu ya maji yake kwenye kilicho baridi: fremu za alumini za madirisha, ukuta wa chuma nyuma ya mbao, na upande wa chini wa godoro. Godoro hilo ukiliinua Februari utakuta madoa meusi yenye umbo la mbao za kitanda.

Njia ni mbili. Ama unafunga boti kabisa na kukausha hewa kwa mashine, ama unafungua kila kitu upepo upite. Ukichanganya, yaani mashine inafanya kazi huku matundu ya hewa yako wazi, unalipia kukausha hewa ya England nzima na ndani hakupungui kitu.

Njia ya mashine inafaa palipo na umeme wa gati. Mashine za kukausha hewa ni za aina mbili. Ya kompresa hufanya kazi kama friji, inatumia wati 200 hivi, na nyumbani ni nzuri sana. Lakini chini ya nyuzi 15 nguvu yake inapungua, na kwenye nyuzi 5 koili zake zinaganda na muda mwingi unakwenda kuyeyusha barafu yake yenyewe. Kwa boti isiyo na moto chukua ile ya gurudumu la kemikali linalonyonya unyevu. Hiyo hufanya kazi hadi karibu nyuzi 1, ni nyepesi, na hewa inayotoka ina joto la nyuzi 10 hadi 15 zaidi ya iliyoingia, hivyo inakupa na joto kidogo humo humo. Hula umeme zaidi ikiwaka, wati 300 kwa mwendo wa chini na 600 au zaidi kwa mwendo wa juu.

Kabla ya kununua uliza jambo moja: umeme ukikatika na kurudi, mashine itajiwasha? Zile zenye kitufe cha kugusa mara nyingi hubaki zimezimwa hadi mtu aibonyeze, na wewe uko umbali wa saa mbili kwa gari. Zile zenye swichi ya kuzungusha kwa kawaida hurudi zenyewe.

Iweke juu ya meza ya jikoni, mpira wake uingie kwenye sinki ambalo tundu lake liko juu ya mstari wa maji. Mpira ushuke moja kwa moja bila kupanda hata sentimita moja. Ukipanda, maji yanarudi kwenye beseni, beseni linajaa, mashine inajizima. Iwekee kipimo cha unyevu cha asilimia 55 hadi 60. Chini ya hapo unachoma pesa na mbao zinaanza kukauka na kupasuka. Ikipita 70 ukungu unaanza kazi. Ziba matundu ya hewa kwa sponji na utepe wa karatasi wenye gundi. Usizibe matundu ya kasha la mitungi ya gesi wala ya kasha la betri, kamwe. Na bandika karatasi mlangoni kwamba matundu yamezibwa: mtu akilala humo au akawasha jiko bila kuyafungua, moshi usioonekana wa kaboni monoksidi unaweza kumuua.

Kuna jambo moja linaloamua kama mashine hii itakuwa nafuu au mzigo, nalo ni ngama. Ngama yenye maji hata lita tano ni chanzo cha unyevu kisichoisha; mashine inayavuta polepole kupitia hewani kwa bei ya umeme, ilhali sponji ingeyamaliza kwa nusu saa. Inua mbao za sakafu, kausha hadi pembe za mwisho kwa kitambaa. Kaza au tia grisi pale shafti ya propela inapotokea tezini (nyuma ya boti) ili isidondoshe. Ndipo uiwashe. Siku chache za kwanza itatoa lita kadhaa, kisha itatulia. Isipotulia baada ya wiki mbili, kuna maji yanaingia mahali, na ni bora uyatafute.

Tuchukue umeme wa peni 27 kwa uniti. Mashine ya wati 300 ikiwaka kwa jumla ya saa 4 kwa siku inakula uniti 1.2, yaani peni 32. Kwa siku 120 ni pauni 39 hivi. Godoro moja tu la kukatiwa umbo la omo lina bei zaidi ya hapo.

Pasipo na umeme, fuata njia ya upepo. Fungua matundu ya omoni na tezini, ya chini na ya juu, ili hewa ipite boti nzima. Simamisha magodoro na mito kwa ubavu, fungua makabati yote, inua ubao mmoja mmoja wa sakafu, tia kitambaa mlango wa friji usijifunge. Nguo, vitabu, mablanketi na makopo ya chakula vipeleke nyumbani. Usitarajie pakauke, hewa ya nje mwezi Januari yenyewe huwa na unyevu wa asilimia 85 na zaidi. Unachozuia ni hewa kusimama mahali pamoja, na mara nyingi hilo linatosha.

Chumvi za kunyonya unyevu, kloridi ya kalisi, zinafaa kwenye boti ndogo iliyofungwa. Kwenye boti yenye matundu wazi zitajaa maji ndani ya siku chache. Vyombo vyake vifunge visipinduke, kwani maji yake ya chumvi hula alumini na chuma.

Joto kidogo, mahali pake

Hita ya bomba ndiyo inayofaa: bomba la chuma lenye wati 60 hivi kwa kila futi, uso wake haufiki moto wa kuwasha kitu. Moja ya futi mbili, wati 120, kwenye chumba cha injini ya dizeli. Nyingine ya futi moja karibu na bomba usiloweza kulimwaga. Ifunge chini, kwa sababu joto linapanda lenyewe, mbali na nyaya, mipira na matambara, na iwe na kava la waya. Chumba cha injini ya petroli ni marufuku: mvuke wa petroli na swichi ya thamostati havikai pamoja.

Tia thamostati ya jalidi ya kuchomeka, inayowasha karibu nyuzi 4. Hapo ndipo akiba ilipo. Wati 120 zikiwaka mfululizo ni uniti 2.88 kwa siku, peni 78. Zikiwaka usiku 30 tu wa jalidi, saa 12 kila usiku, ni uniti 43 kwa msimu mzima, pauni 12 hivi. Linganisha na feni ya joto ya kilowati 2 inayowaka nusu ya muda: uniti 24 kwa siku, pauni 6 na nusu, kila siku.

Feni hizo za joto, hita za taa na majiko ya mafuta ya taa yasiachwe bila mtu. Hita ya gesi isiyo na bomba la moshi ina ubaya wa ziada: kila kilo ya propeni ikiungua inatoa zaidi ya kilo 1.6 za maji, na maji hayo yote yanaingia kwenye hewa ya boti uliyokuwa unajitahidi kuikausha.

Waya wa gati na betri

Tumia waya wa bluu wa ampea 16, wenye unene wa milimita za mraba 2.5, usiozidi mita 25. Usiuache umeviringwa, unapata moto. Uache ulegee kidogo chini kabla ya kuingia botini ili maji ya mvua yadondoke hapo badala ya kufuata waya hadi kwenye soketi. Chomeka upande wa boti kwanza, kisha wa gati. Kuchomoa ni kinyume chake. Bonyeza kitufe cha majaribio cha swichi ya usalama ya miliampea 30 kabla ya kuondoka.

Waya huo ukikaa msimu mzima, ethi (waya wa ardhi) ya boti yako imeungana na ya majirani wote, na mkondo mdogo wa umeme huanza kula chuma kilicho chini ya maji. Kizuizi cha galvaniki kwenye waya wa ethi kinauzuia. Angalia pia anodi, vile vipande vya chuma vinavyoliwa badala ya boti: zinki kwa maji ya chumvi, magnesi kwa maji baridi, alumini kwa maji yaliyochanganyika chumvi na baridi. Zinki kwenye mfereji inajifunika ganda na haifanyi kazi.

Betri ya risasi iliyojaa, volti 12.7, haigandi kwa baridi yoyote ya England. Iliyokwisha chaji inaweza kuganda nyuzi chache tu chini ya sifuri na kupasua kasha lake. Ijaze kabla ya kuondoka, uirudie kila mwezi, na uache pampu ya ngama imeungwa moja kwa moja na betri hata swichi kuu ikizimwa. Betri za lithiamu zina kanuni tofauti: zisichajiwe chini ya sifuri, na zihifadhiwe karibu nusu.

Turubai liwe na mgongo wa juu katikati ili theluji iteleze, na pande zake zisifungwe hadi hewa ikose njia. Kamba ziwe mbili kila upande, zenye kipande cha mpira wa maji zinapogusa ukingo wa gati. Mferejini na mtoni ziache na urefu wa ziada, maji yanapanda na kushuka.

Ukirudi kukagua

Kila wiki mbili nenda, na baada ya dhoruba au theluji nenda mapema zaidi. Kabla ya kupanda, tazama boti kutoka mbali: je, imekaa kwenye mstari wake? Ikiwa imeshuka upande mmoja, kuna maji. Ndani gusa ngama kwa mkono, soma kipimo cha unyevu (cha pauni chache kinatosha), safisha chujio la mashine, pima volti, fagia theluji na majani. Ukungu ukianza, ufute kwa siki nyeupe siku hiyo hiyo.

Machi au Aprili, jalidi likiisha, toa kwanza sponji za matundu ya hewa kabla ya kuwasha moto wowote. Rudisha impela, fungua koki ya injini, rudisha kizibo cha hita ya gesi na kikombe cha chujio, ndipo ujaze tangi. Washa pampu na ufungue koki moja moja kuanzia iliyo karibu na pampu, hadi hewa iishe. Umeme wa tangi la maji moto usiwashwe kabla maji hayajatoka kamili kwenye koki ya moto. Kisha funga koki zote, iache pampu imewashwa, na usubiri dakika kumi. Ikinguruma bila mtu kufungua maji, chukua tochi ufuate mabomba kiungo kwa kiungo. Kuna mahali panavuja.